Nusu Tangi

Alhamisi, Julai 2012. Doha.

Leo hewa ni nzito kama blanketi lililoloa. Waarabu wa hapa unyevu huu huuita rutuba. Kwetu Taita rutuba huotesha mahindi. Hapa imeniotesha vipele vya joto shingoni na mgongoni, na shati nililovaa asubuhi limeloa na kukauka mara sijui ngapi, mpaka limeacha mistari ya chumvi kwapani.

Nimechoka, shajara. Si uchovu wa usingizi, maana huo ukipata kitanda huisha. Ni uchovu wa kuulizwa swali la ndiyo au la, ukijua kwamba jibu lolote litamuumiza mtu.

Swali lenyewe ni hili: Wasswa yuko tayari kuendesha lori la maji peke yake, au bado?

Nieleze, kwa ajili ya wasomaji wangu wanne wa shajara hii ya mtandaoni, ambao wawili kati yao ni shemeji zangu. Kazi yangu ni kuendesha lori la maji. Asubuhi najaza tangi kituoni, nasambaza kwenye majengo yanayojengwa mjini na kwenye kambi za wafanyakazi huku Industrial Area, ninakoishi mimi pia. Wasswa ni Mganda wa Masaka, mrefu, mcheshi, mwenye mikono ya mtu aliyezaliwa kushika usukani. Amewekwa kwangu ajifunze. Kampuni haimwachii dereva kwenda likizo mpaka apatikane wa kushika lori lake, na meneja wetu, mudir kama tunavyomwita, ndiye hupeleka jina lako juu ili upewe kibali cha kutoka nchini. Bila kibali hicho, hata uwe na tiketi mfukoni, uwanja wa ndege utauona kwa nje tu.

Mapema wiki hii mudir alisimama chini ya dirisha la lori akaniambia kwa kile Kiarabu chetu cha barabarani: "Kenya, isma. Wasswa tamam, inta ruh. Wasswa mafi tamam, mafi ruh."

Ananiita Kenya, kana kwamba nchi nzima imejibana kwenye kiti cha dereva. Alikuwa anasema nisikilize, Wasswa akiwa sawa, naenda. Asipokuwa sawa, siendi. Jibu alilitaka leo kabla ya isha. Ndege yangu ni kesho usiku.

Na Jumamosi ni siku ya wazazi kutembelea watoto shuleni kwa Wakesho.

Wakesho ni binti yangu wa kwanza, yuko kidato cha tatu, shule ya bweni. Siku hiyo wazazi huja na chapati, kuku na soda, wanatandika leso kwenye nyasi za uwanja, na kila msichana anakaa na watu wake anakula mpaka anashindwa kuinuka. Mke wangu ameniambia kwamba wale ambao hakuna aliyewajia huzunguka zunguka wakijifanya wana shughuli. Wakesho hajawahi kuwa miongoni mwao, kwa sababu mama yake hakosi. Lakini mimi sijawahi kukanyaga zile nyasi hata mara moja. Safari hii amewatangazia wenzake kwamba baba anakuja.

Nilimwahidi mwezi uliopita alipokuwa nyumbani kwa mapumziko mafupi. Alinipigia kwa simu ya mama yake akiwa amekasirikia fizikia.

"Dad, hii inersia inanimaliza. Ticha anasema kitu hakitaki kubadilisha mwendo wake. Sasa kitu kitakataaje na hakina akili?"

Nilicheka mpaka nikakaa kitandani. Nikamwambia, mwanangu, hiyo inersia ndiyo baba yako analipwa kupigana nayo.

Nikamweleza kwa lori langu. Tangi likijaa pomoni, lori ni zito. Linaondoka kwa kujivuta, na kulisimamisha lazima uanze kufikiria mapema, maana kadiri kitu kilivyo kizito ndivyo kinavyotaka nguvu nyingi kukiamsha na nguvu nyingi kukituliza. Lakini lori lililojaa halidanganyi. Maji hayana pa kwenda, kwa hiyo yanakwenda na lori na yanasimama na lori. Likiwa tupu, ni jepesi, halina neno. Shida ni nusu. Ukikanyaga breki, breki inashika magurudumu. Nani anayashika maji? Hakuna. Yalikuwa yanakimbia na lori, na hayajaambiwa kwamba lori limesimama. Yanaendelea na safari yao mpaka yakutane na ukuta wa mbele wa tangi, na hapo yanakusukuma wewe, na lori lako, na breki zako. Kisha yanarudi nyuma. Kisha yanakuja tena.

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Debe tupu hupiga kelele tu. Debe nusu hawakulisema, labda kwa sababu hawakuwa na leseni.

Lakini nyanya zetu walilijua. Nilimkumbusha Wakesho jinsi mama yangu, nyanya yake, alivyokuwa akitoka mtoni na debe kichwani, na juu ya maji ameweka tawi lenye majani mabichi. Watoto tulidhani ni urembo, au kinga ya vumbi. Kumbe yale majani huyazuia maji yasichezecheze. Kila jani huvunja kijiwimbi kidogo, na bibi anafika nyumbani shingo yake kavu. Matangi mazuri yana majani yake pia. Ndani huwekwa vibao vya chuma vya kuyagawa maji yasipate uwanja wa kukimbilia. Langu vibao vyake vililiwa na kutu, vikakatwa, havikurudishwa. Nimelisema hilo mara nyingi na kila mara jibu ni inshallah.

"Aah," akasema Wakesho. "Sasa nimeshika. Ukija visiting uwaelezee wenzangu vile vile, na hiyo ya nyanya. Promise?"

Nikaahidi.

Sasa Wasswa. Siwezi kumsema vibaya. Anaingia kwenye mizunguko ya barabara za hapa kati ya magari makubwa ya wenye nchi bila jasho, na kurudi kinyumenyume kwenye uchochoro wa mtaa wa Najma anajua kuliko mimi. Kwao alibeba mchanga, matofali na ndizi za matoke. Na hapo ndipo kosa lake lilipo, kosa ambalo hawezi kulifanya ila dereva mzuri wa mizigo mikavu. Mchanga ukiupakia umelala. Matoke unayafunga kamba. Nusu ya mzigo ni nusu ya shida, na ukishusha nusu, unapumua, unaongeza mwendo.

Siku ya kwanza nilipomwonya aliniuliza kwa nini tusiyafunge maji kamba. Tulicheka sana. Nikamweleza ya majani kwenye debe, akasema hata kwao mama zao hufanya hivyo kwa majani ya mgomba. Niliona amenielewa. Nilitaka sana kuona hivyo.

Leo asubuhi tulipeleka maji kwenye jengo linalojengwa Al Sadd. Tangi lao lilikuwa na maji bado, wakachukua nusu tu. Nusu iliyobaki ilikuwa ya kambi moja huku Industrial Area, ambako watu walikuwa wamerudi kutoka zamu ya usiku bila tone la kuogea. Kwa hiyo hakukuwa na kungoja. Wasswa alikuwa kwenye usukani, mimi kando yake. Barabarani lori lilikuwa jepesi mkononi mwake na alikuwa anaimba.

Tukafika kwenye mzunguko. Akapunguza vizuri, akakanyaga breki vizuri, akasimama kwenye mstari sawasawa. Ningekuwa mtahini ningempa alama zote. Nilisikia maji yakigonga mbele, duu, lori likatikisika, breki ikalishika. Mbele yetu mtu mmoja alikuwa anavuka na baiskeli, mfanyakazi kama sisi, mfuko wa vitunguu umening'inia kwenye usukani wake. Wasswa akaona mambo yamekwisha. Akaondoa mguu kwenye breki, akainama kuchukua chupa yake ya maji ya kunywa.

Nikayasikia yakija tena kutoka nyuma.

Lori lilikwenda mbele lenyewe, kama mtu aliyesukumwa mgongoni kwenye foleni. Nilivuta breki ya mkono kwa mikono miwili. Yule mtu aliruka, baiskeli ikabaki. Gurudumu lake la mbele liliingia chini ya bampa na kupinda kama chapati. Vitunguu vikatawanyika barabarani.

Hakuumia, Mungu ashukuriwe. Nilishuka, nikamshika bega, nikamsaidia kuokota vitunguu, na magari yalikuwa yanatupigia honi. Hakunitukana. Angenitukana ningejisikia vizuri zaidi. Aliniangalia tu, akaangalia lori, kisha akatingisha kichwa kwa uchovu ambao niliutambua. Tulimpakia na baiskeli yake tukampeleka kwa fundi.

Alipokwisha kushuka Wasswa akanigeukia.

"Banange! Mzee, lakini mimi nilisimama. Haki ya Mungu, nilikuwa nimesimama!"

"Ulisimama wewe," nikamwambia. "Maji yalikuwa bado."

Tulimwaga yale maji kambini, watu wakatushangilia kwa ndoo na mabeseni, na siku ikaendelea. Baada ya hapo mizigo yote ilikuwa tangi zima, kwa hiyo sikupata tena nafasi ya kumwona na nusu.

Mchana kutwa nimekuwa nikijiuma na kujipuliza. Nilijiambia mtu aliyeponea chupuchupu hivyo hawezi kurudia. Nilijiambia hofu ni mwalimu bora kuliko mimi. Nilijiambia dereva gani hapa hajawahi kuponea chupuchupu, na kampuni itampa tangi zima mara nyingi, na nusu ni mara moja moja. Nilijiambia mengi sana, na yote yalikuwa yananipeleka upande mmoja, upande wa uwanja wa ndege.

Ninaona haya kuandika hivi, lakini kuna saa nilitamani asinionyeshe lile kosa mpaka nimeondoka.

Jioni tuliporudi chumbani nilikaa kitandani nikiangalia sanduku langu. Lilishafungwa tangu juzi, limesimama ukutani kama mgeni anayetaka kuaga. Ndani yake mna viatu vyeupe vya Wakesho na kitambaa cha mama yake. Wenzetu wanne wanaolala humu walikuwa wametoka kwenda kununua mkate. Wasswa akaja akaketi ukingoni mwa kitanda changu. Huwa hakai hapo. Hunipa heshima ya umri.

"Mzee," akasema, "wewe mwambie mudir mimi niko fayini. Wewe kwenda kwa mtoto. Mimi si nimeona leo? Nitasukuma mpola mpola. Sitazidisha spidi hata kidogo."

Moyo uliniyeyuka. Mtu ambaye angeweza kurudishwa kwao bila kazi alikuwa ananifikiria mimi. Nikasema asante. Nilikuwa tayari nimeshika simu.

Kisha maneno yake yakanirudia kichwani. Mpola mpola. Sitazidisha spidi.

"Wasswa," nikamwuliza, "leo tulipomgonga yule bwana, tulikuwa kwenye spidi gani?"



Hatukuwa na spidi yoyote. Lori lilikuwa limesimama. Alikuwa amepita kwenye hofu yote ile na bado alidhani tatizo ni kwenda mbio. Angekwenda polepole, kweli, mtu muungwana kama yeye asingevunja neno lake. Angesimama vizuri kwenye mstari, angeondoa mguu, na mbele yake angekuwapo mtu na vitunguu vyake.

Pembeni ya mlango huwa tunaweka zile chupa kubwa za maji ya kunywa. Nikachukua iliyokuwa na nusu, nikailaza sakafuni, nikamwambia aisukume kisha aizuie kwa kiganja. Akafanya hivyo. Chupa ikasimama. "Sasa ondoa mkono," nikasema. Akaondoa, na chupa ikajisogeza yenyewe kwenda mbele, taratibu, kana kwamba imekumbuka kitu. Nikamwambia afanye tena, lakini mkono asiuondoe mpaka ayasikie maji yamekuja, yamerudi, yamekuja tena, na yamechoka.

Alifanya hivyo mara nyingi. Mwishoni alikuwa amepiga magoti, kichwa kimeinama. Nilijua ameelewa kwa sababu aliacha kucheka.

"Kumbe ningeweza kumwua," akasema.

"Ungeweza."

"Na wewe ungekuwa Kenya."

Nikasema ndiyo, ningekuwa Kenya, ninakula chapati.

Lakini kuelewa kwa kiganja si kuelewa kwa mguu, na mguu haufundishwi kwa chupa. Unataka siku nyingi za nusu tangi, na mtu wa kuketi kando yako. Mtu huyo ni mimi. Ndiyo hivyo tu.

Nikampigia mudir. "Wasswa mafi tamam."

"Kenya, inta majnun?" Alidhani nina wazimu, na sikumlaumu. Nikamwambia Wasswa ni dereva mzuri, asimrudishe kwao, aniachie yeye kwa muda kidogo, na nikaomba tena ule uchomeleaji wa vibao ndani ya tangi. Kuhusu Wasswa alisema tayeb, sawa, abaki na mimi. Kuhusu vibao alisema inshallah. Kuhusu likizo yangu alisema baada ya Idi, kama mambo yatakuwa mazuri. Na Ramadhani yenyewe haijaanza.

Kisha nikampigia Mkamburi, mke wangu. Huyo ndiye niliyemwogopa.

Nilimweleza yote, mzunguko, vitunguu, chupa. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Nikamwomba amweleze Wakesho taratibu, anajua jinsi ya kumtuliza.

"Umefanya vizuri, Baba Wakesho," akasema. "Yule mtu wa baiskeli naye ana watoto pahali. Lakini mimi sitamwambia Wakesho. Kila mwaka mimi ndiye huwa nakusemea. Baba amebanwa, baba atakuja, baba anakusalimia. Nimechoka. Jumamosi nitaenda na simu, nitamwomba matroni ruhusa, na utamwambia mwenyewe, akiwa amekaa na wenzake."

Alikuwa na haki, na sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa imechoka kama yangu.

Miaka hii yote nimejiona kama mtu anayekwenda. Natuma, napiga simu, naahidi, nasukuma mwaka mmoja baada ya mwingine. Kumbe niko nusu. Nusu hapa, nusu kule, na kila ninaposimama kuna kitu ndani yangu ambacho hakijasimama, na kinawagonga walio mbele yangu.

Basi.

Kesho ni Ijumaa, hakuna kazi. Nimeshamwomba mlinzi wa kiwanja kilicho nyuma ya gereji atufungulie asubuhi kabla ya jua kali. Tutaweka nusu tangi, nitapanga ndoo za plastiki mbele, na Wasswa atasimama, atangoja, atasimama, atangoja, mpaka mguu wake uzoee. Nimelilaza sanduku chini na kulifungua ili nitoe shati la kuvaa, maana mengine yote nimeyapanga humo. Viatu vyeupe nimevirudisha juu kabisa. Wasswa bado yuko sakafuni na ile chupa. Anasukuma, anazuia, anangoja. Sijamwambia aache.

Na Jumamosi simu italia, na nyuma ya sauti ya binti yangu nitasikia wasichana wengine wakinyamaza ili wasikie. Nimejaribu maneno mengi, lakini yaliyo ya kweli ni machache. Nitamwambia lori limesimama, mwanangu, ila maji bado.

Fizikia yake ataielewa, hilo sina shaka. Baba yake, je?